Saa Moja na Nusu ya Batri

Yambolo, mto Aruwimi
5 Oktoba 1958

Shemeji Octave,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa dada yako Pétronille na watoto. Sote wazima. Anne anakua na kunichunga kuliko mama yake, na Augustin mdogo amesahau Kiswahili chote. Juzi aliniambia mbote kama abiria wa boti. Hapa kwenye kambi ya magogo ni Lingala asubuhi, Lingala jioni, na mtu pekee wa kuzungumza naye Kiswahili kizuri ni mke wangu, naye akikasirika hunisemesha Kilokele.

Nakuandikia kwa sababu ya batri mliyotuletea kutoka karakana yenu. Watu wawili waliipandisha kutoka ufukweni huku wakiitukana njia nzima. Ni batri nzuri, sina la kusema. Kibao chake cha pembeni kinasema ampea-saa 160. Mtambo wangu wa redio ukituma unakula ampea arobaini. Ukipokea tu unakula tatu. Bwana Wouters, gérant wetu, msimamizi wa kambi, alichukua penseli, akagawa mia na sitini kwa arobaini, akanipiga begani: "Saa nne, Cyprien! Saa nne ya kutuma bila kuchaji. Wewe iko tajiri sasa."

Bon. Wiki iliyopita nilituma orodha ya magogo, saa moja na nusu mfululizo, nikaona sindano ya volti inateremka kama mtu aliyeitwa nyumbani. Kwa hesabu ya Bwana nilitakiwa kuwa bado na zaidi ya nusu. Sikuwa nayo. Sasa niambie wewe unayeshinda na asidi mikononi: mjinga ni mimi au ni penseli?

Msalimie Clothilde. Pétronille anasema mwenye ndugu asiyeandika barua ni sawa na asiye na ndugu, basi jibu upesi kabla hajanigeuzia mimi hasira zako.

Shemeji yako,
Cyprien


Stanleyville
19 Oktoba 1958

Shemeji Cyprien,

Mjinga ni penseli.

Kile kibao kinasema kweli, lakini nusu ya kweli. Kiangalie vizuri, chini ya 160, kwa herufi ndogo kama sisimizi, utaona "saa 20". Maana yake ni kwamba ukiitoa nguvu pole pole, ampea nane kila saa, itakupa saa ishirini. Nane mara ishirini ni mia na sitini, hapo hakuna udanganyifu. Lakini wewe huitoi pole pole. Wewe unaikamua ampea arobaini, na ukiikamua hivyo haikupi saa nne, hata ukiipigia magoti.

Unakumbuka mama yetu alivyokuwa akikamua mawese? Akiwa na haraka, mafuta mengi yalibaki kwenye makapi. Hakuna aliyeyaiba, yalikuwa humo humo, ila haraka haiyatoi. Batri nayo ni hivyo. Asidi inataka muda wa kupenya ndani ya mabamba ya madini ya risasi. Ukiiharakisha inafanya kazi juu juu, volti zinaanguka, mtambo unazima, na nguvu nyingine inabaki ndani bila faida. Tena ukiiacha ipumzike itaamka kidogo. Itakuchezea kipokezi chako vizuri tu, hata siku nzima, lakini ukibonyeza kutuma itakufa tena. Usidanganyike nayo.

Sisemi haya kwa kusoma kitabuni. Nilichukua pacha wa batri yako, zilifika kwa sanduku moja, nikaipima mara mbili hapa karakana. Kwa ampea nane ilinipa saa ishirini kamili. Nikaichaji ikajaa, nikaifunga kwenye mzigo wa ampea arobaini, nikakaa na saa mkononi: saa mbili na dakika ishirini na nane. Donc, basi, weka kichwani saa mbili na nusu. Ile saa moja na nusu nyingine iko kwenye kibao tu.

Nilimwambia Bwana Hendrickx, mkuu wangu, kwamba kituo kama chako kinahitaji batri mbili zigawane mzigo. Alisema kibao kinatosha. Sikubishana naye. Unajua nimeomba ile kadi ya immatriculation, ya kuandikwa kitabu kimoja na wazungu, na bila barua ya sifa kutoka kwake sipati kitu. Kamati itakuja nyumbani kuangalia kama tunakula kwa uma na kama watoto wanalala kwenye mashuka. Clothilde ameshona mapazia kwa kitambaa cha sketi yake ya harusi. Nikishakuwa na kadi, shemeji, mzungu hataniita tena "wewe". Nitahukumiwa kwenye mahakama yao na nitapita mjini bila karatasi ya ruhusa. Nimengoja miaka sita.

Mwambie yaya Pétronille, dada yangu mkubwa, nimeandika.

Octave


Yambolo
25 Januari 1959

Shemeji,

Nakuandikia kwa msiba.

Jumatano tarehe 21, asubuhi, rundo la magogo liliteleza ufukweni likawaangukia watu watatu. Théodore alikufa palepale. Hubert na Hilaire walikuwa hai, miguu yao imepondwa. Bwana Wouters alikuwa Basoko na boti ya haraka, na daktari yuko Basoko. Mtambo wangu hauna mawimbi ya Basoko. Lazima niite ofisi yetu huko Stanleyville, wao ndio wawapigie Basoko.

Nilianza kuita saa moja asubuhi. Ofisi kimya. Nikaita, nikaita. Nilikumbuka barua yako, nilijua nina saa mbili na nusu tu. Ningeweza kuita kidogo na kunyamaza, kuita na kunyamaza, batri ipumue. Lakini Hubert alikuwa amelazwa chini ya dirisha langu, anaita jina langu, na kila nilipokaa kimya alidhani nimeacha. Nikaendelea kuita bila kupumzika. Hilo ni kosa langu na ninalibeba.

Saa tatu na dakika ishirini ofisi ikaitika. Bwana mmoja, sauti ya mtu aliyefika kazini sasa hivi, akauliza: "Kituo gani? Rudia." Nikarudia. Neno la pili halikutoka; batri ilikuwa imekufa. Petroli ya mashine ya kuchaji ilikuwa imefungiwa stoo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bwana Wouters. Tulipovunja mlango tukakuta pipa ni tupu. Hilaire alikufa Alhamisi. Hubert alikufa Ijumaa asubuhi. Boti ilifika Ijumaa mchana.

Na boti ilimleta Bwana Maes, mkaguzi kutoka Stanleyville. Nikamweleza: batri ilikufa. Akawasha kipokezi. Shemeji, kikaimba! Kikasema habari za Léopoldville kwa sauti safi, kama kinyozi mwenye umbea. Akanitazama: "Batri iko muzima. Mutu mwongo ni wewe."

Nikamweleza kwamba imepumzika siku mbili. Akacheka. Akachukua penseli, maana hawa watu na penseli! Arobaini kwa saa mbili na nusu ni mia moja. Mia na sitini kutoa mia moja ni sitini. Sitini gawa kwa ampea tatu za kipokezi ni saa ishirini. Daftari langu linasema niliichaji ikajaa Jumapili na sikutuma kitu Jumatatu wala Jumanne. Basi, anasema, saa ishirini zimekwenda wapi? Tangu zile ghasia za Léopoldville mwanzo wa mwezi huu wanamtafuta kila anayesikiliza redio za ng'ambo na kukusanya watu. Amesema nimekula nguvu ya batri kwa siasa, ndiyo maana haikutosha kuokoa watu. Wajane wa Hubert na Hilaire wamesikia. Leo asubuhi mke wa Hubert alipita mbele ya mlango wetu akatema mate.

Baraza la uchunguzi linakaa Stanleyville tarehe 26 Februari. Wakiiamini hiyo penseli, si kazi tu itakayokwenda. Watanipeleka mbali kama walivyowapeleka wengine, bila tarehe ya kurudi.

Lakini ninayo barua yako ya Oktoba. Yote yamo: saa mbili na dakika ishirini na nane, na kwamba ikipumzika itacheza kipokezi. Kana kwamba ulikuwepo. Nitaiweka mezani mbele yao, na kila mtu atarudi nyumbani kwake. Nakushukuru tangu sasa.

Cyprien


Stanleyville
4 Februari 1959

Shemeji mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Poleni sana, wewe na yaya na kambi nzima.

Nakuomba usikilize kwa moyo mtulivu. Hiyo barua ya Oktoba usiionyeshe. Subiri, usinirushie karatasi hii bado. Fikiri watakavyoisoma. Barua kutoka kwa shemeji, iliyo mikononi mwa mshtakiwa, nani ataiamini? Watasema tumeiandika juzi na kuweka tarehe ya uongo. Halafu wataniuliza: ulijua tangu Oktoba, ulimwambia nani? Nitasema nilimwambia Bwana Hendrickx. Naye atasema sikumwambia. Hapo tutakuwa tumeanguka wawili badala ya mmoja.

Mimi nimeitwa kama shahidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyepima zile batri. Hiyo ndiyo bahati yetu. Nitasimama mbele ya baraza kama fundi, wala si kama ndugu yako, na nitawaeleza jambo lenyewe: mwendo wa kutoa nguvu, saa ishirini, saa mbili na nusu. Nitawaambia walete batri na mzigo wa ampea arobaini hapo hapo, wakae na saa zao. Kipimo kitasema chenyewe. Neno la fundi linapita karatasi.

Kamati ya kadi ilikuja nyumbani tarehe 29. Walifungua hata kabati la vyombo. Waliondoka wakitabasamu. Bado barua ya Bwana Hendrickx tu.

Mpe Alexis wa boti hiyo barua aniletee, isije ikaangukia mikononi mwa polisi wakipekua nyumba yako. Nakuapia kwa kaburi la mama, nitasema.

Octave


Yambolo
11 Februari 1959

Octave,

Barua yako ya Oktoba iko humu. Sijaweka nakala. Alexis anaondoka sasa hivi na siwezi kuandika mengi.

Ukumbuke kuwaambia kuhusu kupumzika. Hilo ndilo lililowashinda kulielewa. Kibao wanaweza kukikubali, lakini batri iliyokufa asubuhi na kuimba kesho kutwa, hapo ndipo wanaponiona mwongo.

Cyprien


Yanonge
8 Machi 1959

Octave,

Nakuandikia kutoka Yanonge, kwa mama mkwe wangu. Tulipewa siku moja kuondoka kwenye nyumba ya kambi. Cyprien hayuko nasi. Walimpandisha boti Jumatatu akiwa na askari wawili, wakampeleka kijiji cha mbali, mbali sana chini ya mto na tena ndani ya msitu, ambako atakuwa anajionyesha kwa administrateur, mzungu mkuu wa wilaya, kila asubuhi. Nimeuliza hadi lini. Karani alisema karatasi haina tarehe.

Sikuwa ndani ya chumba cha baraza, unajua wanawake hawakuingizwa. Nilikaa barazani nje, chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nilisikia yote.

Nilisikia Bwana Maes anakuuliza: "Batri hii, ni wewe ulipima?" Ukasema ndiyo. "Ampea-saa ngapi?" Ukasema mia na sitini. "Iko muzima ao ilikuwa na ugonjwa?" Ukasema nzima, Bwana. Akasema asante, Octave. Nikasubiri. Nikajiambia sasa anakohoa, sasa anavuta pumzi, sasa anaanza. Nikasikia kiti. Ulikuwa umekaa.

Kisha mume wangu akasimama. Akajaribu kuwaeleza yeye mwenyewe kwamba ampea arobaini si sawa na ampea nane. Alieleza vizuri, Octave, hata mimi nikiwa nje nilielewa. Yule mkubwa wa baraza akamkatiza: "Nani alikufundisha haya? Wewe ni fundi?" Nilijua Cyprien anakutazama. Ningeweza kuingia na kutaja jina lako mimi mwenyewe; sikuingia. Cyprien akasema, "Mtambo wenyewe ulinifundisha, Bwana." Wakacheka.

Sitaki kukutukana. Nataka unijibu swali moja. Ulikuwa na mdomo. Ulikuwa na daftari lako lenye saa mbili na dakika ishirini na nane. Kwa nini ulikaa?

Pétronille


Stanleyville
22 Machi 1959

Yaya wangu Pétronille,

Unaniuliza kana kwamba nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba yangu nikinywa chai. Hukuona walivyokuwa wamekaa. Bwana Hendrickx alikuwa kiti cha pili kutoka kwa mkubwa. Kabla hatujaingia aliniita pembeni akaniambia: "Octave, utajibu ile batakuuliza. Basi." Akaniambia pia kwamba barua yangu ya sifa iko tayari mezani kwake, inangoja sahihi.

Nilikuwa nimejiandaa, Mungu ananiona. Daftari lilikuwa ndani ya koti. Nilijua wataniuliza: batri inatoa ampea arobaini kwa saa ngapi? Hapo ningefungua daftari. Hawakuuliza. Waliuliza maswali matatu, na nikayajibu yote matatu kwa kweli. Ile batri ni ya mia na sitini. Ni nzima. Mimi ndiye niliyeipima. Nionyeshe neno moja nililodanganya.

Nawe fikiri kidogo. Hata ningesema, unadhani wangemwachia? Ofisi ilikuwa haina mtu hadi saa tatu na dakika ishirini, na bwana aliyechelewa ni mpwa wa mkurugenzi. Walihitaji mtu mweusi mwenye kosa. Ningesema, wangetuchukua sote wawili, na leo Clothilde angekuwa analia pamoja nawe. Nani angekusaidia wewe?

Nimemwandikia Cyprien mara mbili kupitia administrateur. Hajajibu. Labda barua hazifiki. Ukipata njia mwambie sijamsahau, na kwamba mambo yakitulia nitaongea na Bwana Hendrickx kwa upole.

Ile barua ya Oktoba nimeichoma, kwa usalama wetu sote.

Mdogo wako,
Octave


Stanleyville
16 Agosti 1959

Yaya Pétronille,

Hukujibu barua yangu ya Machi wala ya Mei. Sikulaumu. Leo ninakuandikia kwa furaha, na ninataka uwe wa kwanza kuipata.

Kadi imetoka. Nilikula kiapo Jumanne, mbele ya hakimu, na Clothilde akiwa amevaa kofia. Jina letu la baba limeandikwa kwenye kitabu kimoja na majina yao. Nilipotoka nje nilikuwa nataka kumwambia mtu, nikakuta ninayetaka kumwambia ni Cyprien. Tungecheka sana. Angeniuliza kama sasa nitaoga kwa maji ya chupa.

Nimewaza juu ya watoto. Mimi ni noko wao, mjomba wao, na noko ana wajibu wake. Mlete Augustin hapa kwangu. Kwa kadi hii anaweza kuingia shule ya watoto wa wazungu, akakaa dawati moja nao. Atakula mezani petu. Usikatae kwa hasira. Fikiri juu ya mtoto. Cyprien mwenyewe angekubali, ni mtu mwenye moyo mkubwa. Ndiyo maana aliniletea ile barua bila kuuliza maswali. Aliniamini. Sijasahau hilo hata siku moja, na likinijia usingizi unakimbia. Najiambia angalau kati yangu na yeye hapakuwa na shaka.

Pia nimesikia kwa Alexis kwamba Anne ameposwa na kijana wa Isangi, na kwamba ni familia nzuri. Nijulishe siku. Unajua binti hatoki nyumbani bila noko wake kumshika mkono na kumkabidhi. Nitakuja na suti, na nitafanya yote yanayonipasa mbele ya wakwe. Labda siku hiyo tutaweza kukaa wawili tuzungumze, kama zamani tulipokuwa watoto Lubunga.

Octave


Yanonge
20 Septemba 1959

Octave,

Augustin haji. Anasoma hapa kwa masista, na jioni namfundisha hesabu mimi mwenyewe. Anaijua ile ya mia na sitini kwa arobaini, na anajua jibu lake halisi.

Umeandika kwamba Cyprien alikuamini. Nilikuwa nimeapa kutokuandikia tena, lakini hilo neno siwezi kuliacha liishi, maana naona umeligeuza mto wa kulalia.

Siku ile ya Februari Alexis alikuwa amesimama mlangoni kwetu akisubiri, boti imewashwa. Barua yako ilikuwa mezani. Nilimshika Cyprien mkono, nikamwambia usimpe, hii ndiyo ngao yako pekee. Akaniambia hivi, na nimeyashika maneno yake kama yalivyo: "Octave hatasema. Namujua tangu tulikuwa batoto kule Lubunga, akiogopa anajibu tu ile anaulizwa. Lakini nikiweka hii barua ku meza, batamufukuza, kadi hatapata, na wewe utakuwa bibi ya mutu mwenye alizamisha ndugu yako. Mimi sitaki ulale na ile."

Nikamwambia, na wewe je? Akasema labda baraza litakuwa na mtu mmoja anayejua batri. Alisema hivyo ili niache kulia. Kisha akaifunga ile barua kwenye bahasha, akampa Alexis, akaenda kuosha uso.

Kwa hiyo usijiambie alikuamini. Hakukuamini hata kidogo. Alikujua, akakupa kamba ya kumfungia, kwa sababu yangu. Alitaka nisilazimike kuchagua kati yenu wawili. Ulipokaa kwenye kile kiti ulinichagulia wewe, na mimi nimekubali.

Nimepata ruhusa ya kumfuata mume wangu. Nitaondoka Januari na Augustin. Padri anasema nikifika huko huenda nisiruhusiwe kutoka tena. Najua. Habari zilizonifikia ni kwamba amekonda, anakohoa, na kwamba amemtengenezea administrateur redio yake iliyokuwa imekufa. Administrateur hakumshukuru.

Kuhusu Anne. Anaolewa Jumamosi tarehe 12 Desemba, hapa Yanonge. Nakuandikia tarehe ili uijue, si kwa kukualika, usije. Kiti cha noko nitakiweka mbele pamoja na viti vya wazee, na kitakaa kitupu kutwa nzima. Watu watauliza, kwa maana mto mzima unajua kwamba Anne ana mjomba, mzima wa afya, mwenye suti na kadi. Mke wa Hubert nimemwalika, naye amekubali kuja. Watakaponiuliza noko yuko wapi, nitasimama mbele ya wakwe na mbele ya padri, nitajibu walichouliza, na nitajibu na ambacho hawakuuliza.

Pétronille